Vumbi la kazi lisivuke mlango wa nyumba

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu baada ya bwana kuuweka mezani, leo nataka tuzungumze juu ya kitu kinachotoka kazini kila siku bila kusimamishwa na mlinzi wa mlango. Mlinzi anatafuta waya wa shaba na lita za mazutu. Anafungua mfuko wako, anatazama chini ya kiti cha kamio. Lakini vumbi linapita mbele ya macho yake, limekaa katika mikunjo ya salopeti, katika kamba za bote, katika nywele na chini ya kucha. Linapanda bisi pamoja nawe, linashuka pamoja nawe, na halina haja ya kubisha hodi.

Saa kumi kasoro robo bisi inasimama kambini. Mtoto wa miaka miwili anasikia honi, anatupa mchezo wake, anakimbia na mikono juu. Baba anamnyanyua na kumkumbatia. Ni jambo zuri, na mtu asiyelipenda hana moyo. Lakini mimi, kwa sababu ya kazi yangu ya dispanseri, ninaona na kitu cha pili: ile alama ya vumbi jeusi iliyobaki shavuni mwa mtoto, na mkono wake mdogo unaoipangusa na kuingia mdomoni.

Katika ukurasa huu tumesema mara nyingi juu ya kaske, bote, miwani na maske. Vyote hivyo vinakulinda wewe. Leo tuseme juu ya wale wasio na kaske wala maske, wanaokungojea nyumbani.

VUMBI HILI NI KITU GANI?

Watu wanasema: «Vumbi ni vumbi, Katanga yote ni vumbi.» Si hivyo. Vumbi la njia ya mugini ni udongo tu. Vumbi la kariere, la kinu cha kusagia mawe na la tanuru ni mawe ya madini yaliyosagwa kuwa unga. Ndani yake mna shaba na kobalti, na kufuatana na mahali yanapochimbwa, mna pia zinki, kadimyumu, arseniki, manganezi, uranyumu kidogo, na risasi, ile tunayoiita plombe. Mna tena silika, yaani unga wa mawe magumu, ambao ukiingia katika mapafu miaka mingi unayafanya kuwa magumu, na pumzi haitoshi tena.

Jueni jambo moja juu ya madini: hayaozi. Takataka ya jikoni ukiifukia, mwaka ujao ni mbolea. Madini ukiyafukia, mjukuu wako atayakuta. Sabuni haiyaui, inayahamisha tu. Ndiyo maana swali kubwa si kama tunafua nguo. Swali ni tunazifulia wapi, na maji yake yanamwagwa wapi.

Mwili wa mtu unahitaji shaba kidogo sana, hata kobalti kidogo sana. Lakini chumvi pia ni nzuri, na hakuna anayekula kopo zima. Kobalti nyingi inasumbua mapafu, inaweza kudhuru moyo na ile tezi ya shingoni. Risasi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haina kazi yoyote mwilini. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linasema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Katika mtoto inashika ubongo: mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, hatulii, na mwalimu anasema ni mvivu. Hana homa wala kikohozi. Hakuna anayemleta dispanseri.

Tena mtoto si mtu mzima mdogo. Anatambaa sakafuni, anaweka kila kitu mdomoni, na risasi anayoimeza inaingia katika damu yake mara 4 hadi 5 kuliko kwa mtu mzima. Na yule aliye tumboni hajaokoka, kwa sababu risasi inapita kutoka damu ya mama na kumfikia.

MAMBO YALIYOPIMWA KWETU

Mtu asiseme kwamba hizi ni habari za Bulaya. Zimepimwa hapa kwetu.

Mwaka 2009, waganga na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa ripoti juu ya mkojo wa watu wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na madini mengi mwilini kuliko watu wanaoishi mbali. Kobalti yao ilikuwa nyingi kuliko yote iliyokwisha kuandikwa, mahali popote, kwa wakaaji wa kawaida.

Mwaka 2018 wakatoa ripoti nyingine, juu ya kartier ya Kasulo, Kolwezi. Mnakumbuka habari za Kasulo: mwaka 2014 watu walikuta madini chini ya nyumba zao, wakachimba hata katika lupango na ndani ya vyumba. Wapimaji walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumbani, na katika damu na mkojo wa watu. Tofauti kubwa zaidi na watu wa kartier nyingine ilionekana kwa watoto. Watoto hawakuwa wamechimba. Walicheza tu.

Na mwaka 2020 ilitoka ripoti ambayo kila baba anapaswa kuisikia. Katika hospitali za Lubumbashi, kuanzia 2013 hadi 2015, walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana na watoto 108 waliozaliwa wazima. Jambo lililojitokeza kwa nguvu lilikuwa kazi ya baba. Hatari ya kilema ilionekana kuwa kama mara 5 zaidi pale ambapo baba alikuwa na kazi ya madini. Idadi ya watoto haikuwa kubwa, na utafiti mmoja haumalizi maneno. Nasema hivyo ili mtu asiogope bure, na ili mwanamume asijilaumu, wala mke asilaumiwe, kwa mtoto aliyezaliwa hivyo. Lakini moshi ukionekana juu ya paa, mwenye akili hangoji moto utoke dirishani. Anakwenda kutazama.

«BABU ZETU WALIISHI NALO»

Wazee wananijibu: «Muganga, tanuru la Lubumbashi limetoa moshi tangu mwaka 1911. Babu zetu waliishi nalo, wakazaa, wakazeeka.» Ni kweli, wako waliozeeka. Waliokufa mapema hawako hapa kutusimulia. Wangapi waliambiwa kifua kikuu, na kumbe ni mapafu yaliyojaa unga wa mawe? Wangapi walisemwa wamelogwa? Wakati ule hakuna aliyepima damu ya mtoto wa mfanyakazi.

Na ardhi yenyewe inatoa ushuhuda. Kule Lubumbashi, Penga Penga, upande ambao upepo ulipeleka moshi wa tanuru kwa miaka mingi, miti ilikufa, majani yakakauka, udongo ukabaki wazi kama ngozi yenye kidonda. Watu wa kilimo wa Chuo Kikuu walipotaka kurudisha miti, haikutosha kuchimba shimo na kupanda. Ilibidi kujaza shimo udongo mwingine, mbolea na chokaa, ili mizizi ipate pa kukaa. Kama mti unakataa udongo ule, sisi tunaacha mtoto aukalie bila nguo?

Tazameni pia Kabwe, kwa jirani zetu wa Zambia. Reli iliyofika kwetu mwaka 1910 ilipitia huko, na wakati ule mji uliitwa Broken Hill. Walichimba risasi na zinki kwa miaka karibu 90. Mwaka 1994 mgodi ukafungwa, mishahara ikaisha, lakini risasi ilibaki katika udongo wa mitaa. Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya kufungwa, ambao baba zao hawakufanya kazi hata siku moja katika mgodi ule, wamekutwa na risasi nyingi katika damu. Kompani inaweza kwenda. Vumbi linabaki na wakaaji.

TUSIMTUPIE MAMA MZIGO PEKE YAKE

Hapa nakiri kosa langu. Nilizaliwa kambini. Mama yangu alikuwa akipiga salopeti ya baba kwenye ukuta wa jikoni mbele ya kuitia majini, na sisi watoto tulikuwa tukicheza chini ya ukuta ule. Ungefikiri mtu kama mimi angejua. Lakini nilipoanza kazi, miaka ya kwanza nilikuwa nikiwafundisha akina mama kuosha mikono ya watoto, kufagia, kufunika chakula, na sikuuliza hata mara moja: nguo za bwana zinavuliwa wapi?

Siku moja, siku ya kupima watoto kilo, mama mmoja alinijibu mbele ya wenzake. Alisema: «Muganga, mimi namwosha huyu mara tatu kwa siku. Kila saa kumi baba yake anamchafua upya. Mwite yeye umfundishe.» Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka. Alikuwa na haki.

Nikamwita bwana. Hakuwa mtu mbaya wala mchafu. Alisema: «Muganga, nikioga bisi inaniacha. Na nguo safi nikiziacha pale, nitazikuta wapi?» Nikaenda kuangalia mwenyewe. Duche zilikuwa nane, zilizotoa maji ni mbili. Watu wa poste nzima walikuwa na robo saa tu mbele ya bisi kuondoka. Makabati mengi hayakuwa na kufuli. Na vijana wa kompani ndogo zinazopewa kazi na kompani kubwa, wale tunaowaita wa sutretansi, wanaofagia chini ya mikanda na kusafisha matangi, yaani wanaokula vumbi kuliko wote, hawakuwa na kabati hata moja. Walipanda kamio kama walivyo.

Sisemi hivi ili kushitaki mtu. Nasema kwa sababu bango lililoandikwa «Usafi ni afya» haliwezi kumwogesha mtu. Kwa hiyo haya ndiyo maoni yangu, na nayatoa kwa heshima kwa wakubwa wa kazi, kwa sindika na kwa wafanyakazi wote.

Kwanza, dakika za kuoga zihesabiwe kuwa dakika za kazi, na bisi ingoje. Hatumwambii mchomeleaji avue miwani ili amalize upesi. Kuoga pia ni kifaa cha kujikinga, tofauti ni kwamba kinawakinga na walio nyumbani.

Pili, kila mtu awe na makabati mawili yanayofungika, moja la nguo za kazi na moja la nguo za nyumbani, na nguo hizo zisilale pamoja. Salopeti ifuliwe kazini, kwa mashine na kwa maji yanayokwenda penye kusafishwa. Mama asiifue katika karai lile lile analoogeshea mtoto.

Tatu, watu wa sutretansi wasitengwe. Mapafu hayajui nani ametia sahihi kontra.

Mtauliza: kuna njia gani ya kuyaomba? Iko. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka komite ya usalama na usafi mahali pa kazi, na ndani yake wajumbe wa wafanyakazi wana kiti. Mara nyingi katika mikutano hiyo tunamaliza saa nzima juu ya idadi ya glavu. Mkutano ujao, mjumbe wako aulize: duche ngapi zinatoa maji leo? Swali dogo kama hilo, likiulizwa kila mwezi na jibu likiandikwa kwenye karatasi, linatengeneza bomba.

NYUMBANI TUFANYE NINI

Mpaka hayo yote yapatikane, kazi ya nyumbani isingoje. Haya tunaweza kuyafanya tangu leo jioni.

1. Bwana, bote zako zilale nje ya mlango. Ukikosa duche kazini, vua salopeti nyuma ya nyumba, uitie katika mfuko, oga na nywele, ndipo umbebe mtoto. Mtoto atalia siku mbili tatu, kisha atazoea kungoja. Mfanye mchezo: akusubiri na taulo.

2. Salopeti isipigwe ukutani wala kukung'utwa. Iloweshwe kwanza, ifuliwe peke yake katika karai lake, na maji yake yasimwagwe penye bustani, karibu na kisima wala wanapocheza watoto. Mwenye mimba asiifue. Bwana ana mikono.

3. Sakafu isifagiwe kavu. Ufagio mkavu unalinyanyua vumbi na kulipeleka puani na katika chakula. Nyunyiza maji kwanza, au panguza kwa kitambaa chenye maji. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, hili ni la kila siku.

4. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni mbele ya kula na mbele ya kulala. Asubuhi asiende kucheza na tumbo tupu, maana tumbo tupu linanyonya risasi kwa wingi zaidi. Uji, maharagwe, ndakala na majani ya kijani vinampa chuma na kalsyumu, na hivyo vinaizuia risasi njia.

5. Lenga-lenga na matembele yaliyolimwa karibu na kiwanda au kando ya mfereji wa maji ya kiwanda, afadhali kuyaacha. Mboga ya kununua sokoni, ambayo hujui imetoka wapi, ioshwe katika maji mawili au matatu. Kuosha kunaondoa vumbi lililo juu ya jani. Yale yaliyoingia kwa mzizi hayaondoki, hata ukipika mpaka usiku.

6. Pipa lililobeba dawa za kiwanda lisiletwe nyumbani kuwekea maji, wala lisiuzwe kwa jirani. Hata ukilichoma moto na kulisugua kwa mchanga, si pipa la maji tena. Mifuko ya kiwandani nayo si ya kutilia unga wa bukari. Najua pipa ni ghali na maji ya bomba hayaji kila siku. Lakini kuna akiba inayogharimu kuliko deni.

MAJI NA MITI VINATUKINGA

Neno la mwisho kabla sijafunga. Tuna wakinzi wawili wanaofanya kazi bila mshahara, nao ni maji na miti.

Maji tukiyaharibu mahali pamoja, yanasafiri. Tarehe 18 Februari 2025, upande wa Zambia, ukuta wa bwawa la mabaki ya kiwanda karibu na Chambishi ulibomoka. Maji makali ya asidi yakaingia katika mto Mwambashi na kufika katika mto Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ulilazimika kufunga maji ya bomba. Kwetu, maji ya viwanda vya Likasi yanashuka mpaka ziwa Tshangalele, lile lililofanywa na bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira. Samaki wa ziwa lile wamepimwa na kukutwa na madini mwilini, na maji yale yale ndiyo yanayozungusha mashine za umeme. Kwa hiyo wewe uliye kwenye pampu, ukiona bomba la matope linavuja, ukiona ukuta wa bwawa umelowa mahali palipokuwa pakavu, usiseme: si ekipe yangu. Mwambie kapita, andika katika buku la poste, na kesho yake uliza wamefanya nini.

Miti nayo inavunja upepo na kushika vumbi. Ule mstari wa miti kati ya kariere na kambi ni maske ya kambi nzima. Lakini tunaona kila kiangazi mti mmoja umekatwa, kisha mwingine, kwa sababu ya makala ya kupikia. Simlaumu mwenye njaa. Nasema tu: mfuko wa makala unaisha kwa wiki chache, na mti uliotoa makala ile ulichukua miaka mingi kusimama. Atakayeukata mti wa ukingo amefungua dirisha la chumba cha mtoto wake upande wa kariere. Na mvua zikichelewa, kama tunavyoona miaka hii, vumbi linakaa hewani siku nyingi zaidi, na hitaji letu la miti linazidi. Tuombe miche, tuipande, na kila lupango lichunge miti yake.

Ndugu zangu, shaba imetulisha. Imenisomesha hata mimi. Siwaambii mwache kazi, na siwaambii mwogope kazi. Nawaambia kwamba mgodi una mipaka yake, na mlango wa nyumba yako uwe mmoja wa mipaka hiyo. Uulinde vile mlinzi anavyoulinda mlango wa kiwanda.

Leo saa kumi kasoro robo, bisi itakaposimama na mtoto akikimbia na mikono juu, mwambie: «Ngoja kidogo, mwanangu, baba anaoga.» Kisha mkumbatie mpaka achoke.

Pesa ya kazi iingie nyumbani. Vumbi la kazi libaki kazini.